Diski ya Nje Inapogoma

Diski ya nje inayotunza nakala rudufu za kompyuta ya nyumbani ina sehemu tatu, na kila moja huweza kuharibika kivyake: waya, kisanduku chenye kibao kidogo kinachopokea mawasiliano ya USB, na diski yenyewe iliyomo ndani. Juu ya hizo upo mpangilio wa faili, yaani daftari ambamo kompyuta huandika kila faili limelazwa wapi. Diski isipoonekana, mwenyewe huhitimisha kwamba imekufa. Mara nyingi mwenye kosa ni waya.

Kwa hiyo uchunguzi huanzia nje. Diski ndogo za inchi 2.5 hazina adapta. Hula umeme wa kompyuta kupitia waya uleule unaopitisha data. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la USB 3.0, ambalo aghalabu ni la buluu kwa ndani, miliampea 900. Diski yenye sahani huhitaji umeme mwingi zaidi inapoanza kuzunguka kuliko ikishachanganya mwendo, ndiyo maana njaa ya umeme hujitokeza mwanzoni: taa inawaka, diski inavuma kidogo, inazima, inaanza upya. Waya mrefu na mwembamba huzidisha njaa hiyo, na hubu isiyo na adapta yake vilevile. Dawa ni waya mfupi uliochomekwa moja kwa moja, na kwa kompyuta ya mezani ni heri matundu ya nyuma, yaliyo kwenye bodi kuu yenyewe. Ya mbele hupitia waya wa ndani unaoweza kulegea.

Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta ya volti 12, nazo huponzeka palipo na umeme wa kukatikakatika. Laptopu huendelea kwa betri kana kwamba hakuna kilichotokea, huku diski imezimika katikati ya kuandika. Umeme ukirudi, diski inaonekana lakini faili hazifunguki. Hapo waya hauna lawama. Daftari ndilo lililoachwa nusu.

Hatua inayofuata ni kuitafuta diski ndani ya kompyuta. Kwenye Windows, programu ya Disk Management huonyesha kila diski iliyotambuliwa, hata ile isiyojitokeza kwenye orodha ya kawaida. Ikiwa imo humo na ukubwa wake ni sahihi, habari ni njema. (Diski ya TB 1 ikisomeka GB 931 haina hitilafu: watengenezaji huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.) Pengine imekosa tu herufi ya kuitambulisha, na kuipa moja kunatosha. Kwenye Mac programu ya kazi hiyo ni Disk Utility. Diski iliyofomatiwa kwa NTFS, Mac huisoma lakini haiandiki juu yake, na wengi huidhania mbovu. Nayo FAT32 haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi, hata nafasi ikiwa tele.

Kinachoponza watu kuliko vyote ni ujumbe wa Windows unaotaka diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Ujumbe huo hausemi kwamba faili hazipo. Unasema daftari halisomeki. Kufomati kwa haraka huandika daftari jipya tupu, na faili nyingi hubaki zimelala chini yake. Kufomati kikamilifu, tangu Windows Vista, huijaza diski nzima sifuri, na hapo hakuna fundi wa kuzirudisha. Jibu ni kulifunga dirisha hilo.

Amri ya chkdsk hurekebisha daftari vizuri ikiwa diski ni nzima kimwili. Kwenye diski inayougua ni hatari, maana huichosha kwa kusoma na kuandika juu yake. Ugonjwa wenyewe hujulikana kwa sauti ya kugongagonga, ambapo kichwa cha kusomea kinakwenda na kurudi bila kupata kitu, au kwa kumbukumbu za afya ya diski ziitwazo S.M.A.R.T., ambazo programu ya CrystalDiskInfo huzisoma bure. Mistari miwili ya kuangaliwa ni sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri; hesabu zake zikipanda, kazi ya kwanza ni kunakili. Programu ya ddrescue hunakili kwanza sehemu zinazosomeka na kuzirudia mbovu baadaye, kisha TestDisk hutafuta faili katika nakala hiyo, si katika diski mgonjwa. Diski inayogonga izimwe mara moja. Kuitia kwenye friza, kama wanavyoshauriana baadhi ya watu, huiongezea unyevu tu, na kuifungua mezani ni kuiua: kichwa huelea juu ya sahani kwa mwanya mdogo kuliko chembe ya vumbi.

Diski ikiwa nzima na kibao cha kisanduku ndicho kilichoungua, fundi huweza kuihamishia kisanduku kingine. Njia hiyo haifui dafu kila mara. Katika baadhi ya diski za My Passport za Western Digital, chipu ya kibao ndiyo inayosimba data zote, hata kama mwenyewe hakuweka nywila, hivyo kwenye kisanduku kigeni hazisomeki. Nyingine zimelehemiwa tundu la USB kwenye bodi ya diski yenyewe. Hizo hutengenezwa bodi ileile.