Mashine za Hospitali Zifike Sokoni Buhongwa

Ukitoka katikati ya Jiji la Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, ukazipita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi na Mkolani, unaingia Buhongwa. Kando ya barabara wafanyabiashara wamepanga bidhaa, na mnunuzi wa hapo ana taratibu zake. Tochi haiondoki mezani kabla haijawashwa. Kitenge hukunjuliwa na kufikichwa kwa vidole. Embe hubonyezwa. Mtu huyohuyo akifika hospitalini anawekewa mwilini kifaa ambacho hajapata kukiona, haelezwi kinafanya nini, kisha anatarajiwa ayaamini majibu yake. Asipoyaamini, tunasema ni mgumu wa kuelewa.

Mimi sidhani kwamba ni mgumu. Hajapewa nafasi ya kukagua kama anavyokagua kila kitu kingine kinachomhusu. Ndiyo maana natetea maonesho shirikishi ya vifaa vya tiba, yaani yale ambayo mgeni hasomi tu bango na kupewa kipeperushi, bali anashika kifaa, anakijaribu na kumuuliza mtaalamu aliyesimama naye mezani.

Chukua kipima oksijeni cha kidole, kile kinachofanana na kibanio cha nguo. Wengi walikisikia wakati wa UVIKO-19. Ndani yake mna taa mbili ndogo: moja ya mwanga mwekundu, nyingine ya mwanga ambao jicho letu halioni. Miale inapenya kidole na kupokewa upande wa pili. Damu iliyoshiba oksijeni huumeza mwanga mwekundu kidogo kuliko damu iliyopungukiwa, na kifaa hufanya hesabu kutokana na tofauti hiyo. Kwa mtu mzima mwenye afya, namba huwa kati ya asilimia 95 na 100. Anayekivaa kwa dakika moja huku akielezwa hivyo hataogopa tena akibanwa kidole wodini.

Lakini aelezwe na udhaifu wake. Rangi ya kucha, au piko iliyokolea kidoleni, inaweza kuvuruga vipimo. Kubwa zaidi, utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionesha kwamba kwa wagonjwa Weusi kifaa hiki kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa Wazungu, kwa sababu rangi ya ngozi huathiri upitaji wa mwanga. Hilo linatuhusu sisi moja kwa moja. Maonesho yanayosifia mashine tu na kuficha kasoro zake hayana tofauti na tangazo la biashara.

Madhara ya kutoeleza tuliyaona hapahapa nchini. Mwaka 2008 wanafunzi mkoani Morogoro walipewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni kwao. Dawa hiyo imetumika miaka mingi na ni salama, ila inaweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya tumbo, hasa ikimezwa bila chakula. Baadhi ya watoto walipojisikia vibaya, ulienea uvumi kwamba wamelishwa sumu. Wazazi wakakimbilia shuleni, vurugu zikazuka na ugawaji ukasimamishwa. Siwalaumu wazazi wale. Mzazi anayemwona mwanawe ameanguka, naye hajaambiwa mapema kwamba dawa inaweza kumlevya kwa muda, atafanya nini kingine?

Sasa fikiria meza moja sokoni Buhongwa yenye hadubini. Chini ya kioo pana yai la kichocho cha tumbo, ambalo lina mwiba ubavuni. Minyoo wakubwa huishi katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mayai mengine hutoka na kinyesi, mengine hunasa kwenye ini na kulidhuru taratibu kwa miaka. Mvuvi, au mama anayefua ziwani, akiliona yai lile kwa jicho lake, akauona na ule mwiba, nina hakika atauliza mwenyewe dawa inapatikana wapi. Wa kumwonesha wapo. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, cha hapa Mwanza kina mizizi katika kitengo cha utafiti wa matende kilichoanzishwa mwaka 1949. Ujuzi wa hadubini haujaanza jana katika mji huu.

Mwanza imekwisha kuona teknolojia kubwa zaidi ya hiyo ikipita juu ya vichwa. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter, pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ, zilitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa ndege isiyo na rubani. Safari ya kilomita 60 juu ya ziwa ilichukua takriban dakika 40. Kwa barabara, mzigo huohuo husafiri kilomita 240 kwa saa sita. Ndege ile hupaa wima, kisha rafadha zake hugeuka na kuisukuma mbele kama ndege ya kawaida. Hivyo haihitaji uwanja, hubeba hadi kilo 4, na inaweza kurudi na sampuli za maabara. Oktoba mwaka huohuo kukafanyika Lake Victoria Challenge, wataalamu wa ndege hizo wakakutana Mwanza na kuzirusha.

Chombo kikipita angani bila mtu ndani, anayekitazama kutoka mtumbwini ana haki ya kujua kama kina kamera, kimebeba nini, na kikianguka nani atawajibika. Maswali hayo yajibiwe chombo kikiwa chini, watu wamekizunguka, wakinyanyua kile kisanduku cha dawa na kuupima uzito wake kwa mikono yao.

Ipo pia mipaka, na historia imeiandika kwa uchungu. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895. Mei 1896 Thomas Edison alikuwa tayari ameiweka kwenye maonesho New York, wageni wakipanga foleni kutazama mifupa ya mikono yao. Msaidizi wake, Clarence Dally, aliyekuwa akiushika mtambo huo mara kwa mara, alipata madonda, kisha saratani, akafariki mwaka 1904. Mionzi haioneshwi kwa kufurahisha watu. Hata ultrasaundi, inayotumia sauti na si mionzi, isifanywe kwa mjamzito mbele ya umati: tumbo lake ni siri yake. Na atakayepimwa shinikizo la damu likakutwa liko juu, aambiwe faraghani na apewe barua ya kwenda kituo cha afya.

Kwa mambo ya uzazi yupo mwanasesere wa mafunzo, NeoNatalie, anayejazwa maji apate uzito wa mtoto mchanga. Mkunga hujifunzia kwake kumsaidia mtoto aliyeshindwa kupumua kwa kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika hospitali 8 za Tanzania, ulionesha kwamba baada ya wahudumu kupata mafunzo hayo, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Baba anayeushika mfuko ule na kuubonyeza, akaona kifua cha mwanasesere kikiinuka, ataelewa kwa nini mkewe anahimizwa kujifungulia hospitalini.

Kila Agosti tunayo maonesho ya Nane Nane katika viwanja vya Nyamhongolo, lakini Nyamhongolo iko barabara ya Musoma, upande mwingine kabisa wa jiji, na nauli ya kwenda na watoto si ndogo. Naiomba Halmashauri ya Jiji, hospitali ya Bugando na NIMR watuletee maonesho ya vifaa vya tiba huku Buhongwa, siku ambayo sokoni kuna watu wengi. Meza mbili, turubai na jenereta ndogo vinatosha kuanzia.