Fahamu: Hatari ya kuvuka Ruzizi kwa mtumbwi

Mto Ruzizi hutoka Ziwa Kivu, kimo cha takriban mita 1,460, ukaingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira, kwenye mita 770 hivi. Na Februari 2025, maelfu ya Wakongo walipouvuka kukimbilia Burundi, wengine wakiogelea na wengine katika vyombo vya kuungaunga, baadhi yao walikufa maji.

Udanganyifu wa bondeni

Huko juu, penye makorongo na mabwawa ya umeme, hakuna asiyeuogopa mto. Bali bondeni, ambako maji huonekana yametulia, mkondo hukimbilia ukingo wa nje wa kila kona, ukaula udongo hata miti ikaanguka majini, maji yakapenya baina ya matawi ilhali mtumbwi hukwama. Viboko na mamba ni habari nyingine.

Namna ya kuvuka

Mvushaji stadi haelekezi omo moja kwa moja mahali akusudiapo kushuka, bali hupanda kwanza kandokando ya ukingo, kwenye maji mapole, kisha huielekeza juu kidogo, akapiga kafi huku mkondo ukimsukuma ubavuni mpaka ng'ambo. Abiria hukaa chini, hawasimami. Chombo kikibanwa na mti, na waegemee upande wa mti, ijapokuwa nafsi hutaka kinyume chake, kwani ubavu uelekeao mkondo ukiinama, maji huingia mara moja. Penye uhaba wa majaketi ya kuokolea maisha, bidoni tupu iliyofungwa barabara kifuniko chake yafaa kushikwa, ingawa si badala kamili.