Kakofonia: maana na asili ya neno

Mwanafunzi anayetafsiri maandishi juu ya muziki kutoka Kifaransa hadi Kiswahili, akikutana na neno cacophonie, huandika upesi "kelele". Je, tafsiri hiyo yatosha? Katika makala haya mafupi tutachunguza kwanza asili ya neno, kisha maana yake.

Asili yake ni Kiyunani. Limeundwa kwa sehemu mbili: kakos, yaani "-baya", na phone, yaani "sauti". Sehemu hiyo ya pili tunayo pia katika telefoni (sauti ya mbali) na simfonia (sauti za pamoja). Kinyume cha kakofonia ni eufonia, kwani eu maana yake ni "vizuri". Wanabalagha wa Kifaransa hulitumia neno hili hata kwa silabi zinazofuatana na kuchukiza sikio.

Inafaa sasa kulitenga na neno disonansi, litokalo katika Kilatini: dis-, kutengana, na sonare, kutoa sauti. Tukipiga pamoja noti ya la, yenye mitetemo 440 kwa sekunde, na noti iliyo nusu toni juu yake, yenye mitetemo 466 hivi, tutasikia msuguano. Msuguano huo ndio disonansi. Unapimika, na mtunzi huutumia kwa makusudi ili sikio litamani utulivu utakaofuata. Waweza kupigwa kwa sauti ndogo kabisa, pasipo kelele yoyote. Kakofonia, kwa upande wake, ni hukumu ya msikilizaji: ubaya umo ndani ya neno lenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Mafundi wengi wa likembe huvika ndimi za chuma pete ndogo ili ala itoe mvumo. Aliyezoea piano peke yake aweza kuuita mvumo huo kakofonia, hali mpigaji ameutafuta kwa bidii. Mfasiri asiyeangalia atairithi hukumu hiyo na kuieneza katika lugha yetu.

Kwa hiyo twapendekeza hivi: "kelele" itaje ukubwa wa sauti, "mgongano wa sauti" utaje disonansi, "vurugu ya sauti" itaje kakofonia. Na kabla ya kuchagua, mfasiri ajiulize: mwandishi huyu anaeleza sauti, au anaihukumu?