Je, Wajua?
Irving Berlin, mtunzi maarufu wa Marekani, hakujua kusoma noti, na piano aliipiga karibu kila mara katika ufunguo mmoja tu: F#, ambako vidole hukaa zaidi kwenye vibao vyeusi. Mwimbaji akitaka wimbo upande, Berlin alivuta wenzo chini ya kibodi ya piano yake maalumu. Sauti ikapanda, vidole vikabaki palepale.

Siku hizi kitufe kwenye kinanda cha kwaya hufanya kazi hiyohiyo, na wapigaji wengi (tusiwataje!) hawakiachi. Kwa mazoezi, afadhali programu za simu zinazopiga besi na ngoma kama bendi, kisha hupandisha wimbo nusu toni kila unaporudiwa. Hapo vidole havina pa kujificha.