Beijing yaweka akiba ya saa: Nani atailipa?

Serikali ya jiji la Beijing, China, ilianza Juni 2022 kutekeleza kwa majaribio kanuni za benki ya muda. Amana katika benki hiyo si fedha, bali ni saa ambazo mtu amejitolea kuwahudumia wazee.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, mtu aliyetimiza miaka 18 na kujiandikisha hupata sarafu moja ya muda kwa kila saa ya huduma. Sarafu huingizwa katika akaunti yake. Akifikisha miaka 60 anaweza kuzitumia mwenyewe, au awahamishie wazee wa familia yake. Mwenye sarafu 10,000 anaweza kupata nafasi katika nyumba ya wazee ya umma.

Hesabu inaonyesha kwamba kiwango hicho si kidogo. Anayejitolea saa 10 kwa wiki atahitaji wiki 1,000, yaani miaka 19 na ushei. Wa saa mbili kwa wiki atahitaji karibu miaka 96.

Kwa mwenye kuweka akiba, uzuri wa amana hiyo ni kwamba haimomonyolewi na mfumuko wa bei: saa hulipwa kwa saa. Udhaifu wake umo kwa mdaiwa.

Mfano uko Marekani, ambako mwanasheria Edgar Cahn alieneza mpango kama huo katika miaka ya 1980. Mwaka 1985 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo iliamua kuwa saa hizo zisitozwe kodi ya mapato. Saa zote zilikuwa na thamani sawa, na malipo yake yalitegemea uungwana, si mkataba. Nafuu hiyo ina gharama yake, kwani deni lisilo na mkataba ni vigumu kulidai mahakamani.

Beijing serikali imeweka ahadi ya nafasi, lakini huduma ya kila siku italipwa kwa saa za vijana wa kesho. Mwishoni mwa 2022 China ilikuwa na watu wapatao milioni 280 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, na mwaka huo huo idadi ya wananchi wake ilipungua. Wenye kudai wanaongezeka, walipaji wanapungua.

Kwa saa kama kwa shilingi, mwenye akiba asitazame kitabu cha amana peke yake. Amtazame na atakayelipa.