Herufi Tatu za Mawe ya Katanga

Mjini Lubumbashi, daktari na mjiolojia hufunga maneno yao kwa herufi zilezile tatu. Daktari anayeandika Kifaransa kwenye karatasi ya mgonjwa ataandika bronchite, hépatite, méningite. Mjiolojia ataandika kwenye mfuko wa sampuli malachite, dolomite, hétérogénite. Mwanafunzi ana haki ya kuuliza jiwe na ugonjwa vilipata wapi undugu huu.

Viliupata kwa Wagiriki wa kale. Kwao -ites ilimaanisha tu "-a kitu fulani". Haimatites lithos lilikuwa jiwe la damu, kwa rangi yake, na ndilo hematite ya leo. Arthritis nosos ulikuwa ugonjwa wa viungo. Mwisho ulibadilika kwa sababu lithos, jiwe, katika sarufi yao ni neno la kiume, na nosos, ugonjwa, ni la kike. Baadaye "jiwe" na "ugonjwa" vikaachwa, sifa peke yake ikabaki kuwa jina. Kiingereza kimeitunza tofauti ile: -ite kwa jiwe, -itis kwa kiungo kilichovimba kwa ugonjwa. Kifaransa kimeifuta. Anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kusoma Zambia akumbuke hilo: homa ya ini kule ni hepatitis.

Tena si kila neno lenye herufi hizo limo katika ukoo huo. Termite, mchwa, imetoka Kilatini kwa njia nyingine kabisa. Granite ni ya Kiitaliano, granito, "enye punje", nayo ni mwamba uliojengwa na madini kadhaa.

Tubaki na mawe, maana Katanga imejaa majina hayo. Malachite, jiwe la kijani ambalo mafundi wa Lubumbashi hulichonga kuwa vinyago na mapambo, ilipewa jina na Wagiriki kwa kufananishwa na majani ya mmea walioufahamu. Karibu asilimia 57 ya uzito wake ni shaba. Wahunzi wa Katanga waliijua siri hiyo karne nyingi kabla ya kuja kwa Wazungu: waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakapata mukuba, yaani shaba, wakaumimina katika kalibu za misalaba iliyotumika kama fedha.

Mahali ambapo majina haya yamezaana kuliko pengine pote Katanga ni Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp alitambua urani pale. Madini ya awali ya urani huko ni uraninite, meusi na mazito. Lakini maji na hewa vikipenya kwenye nyufa za mwamba kwa miaka mingi mno, urani huongezewa oksijeni, huyeyuka, husafiri na maji, kisha hushikana na chochote inachokikuta njiani: risasi, shaba, magnesiamu, silika, fosfati. Kila muungano huzaa fuwele za aina yake, za njano, za machungwa au za kijani. Wingi wa majina ya Shinkolobwe ni matokeo ya kemia hiyo.

Aliyetoa mengi kati yake ni Alfred Schoep, profesa wa Ghent nchini Ubelgiji. Mwaka 1921 alitangaza curite, kwa heshima ya Pierre Curie, na kasolite, kutokana na Kasolo, jina jingine la mahali palepale. Mwaka uliofuata zikaja becquerelite, ya Henri Becquerel aliyegundua mionzi ya urani mwaka 1896, na soddyite, ya mwanakemia Frederick Soddy. Mwaka 1924 ikafuata sklodowskite, kutokana na jina la kuzaliwa la Marie Curie. Dewindtite inamkumbuka Jean Dewindt, mjiolojia kijana wa Kibelgiji aliyezama katika Ziwa Tanganyika.

Neno ninalolipenda kuliko yote hapa ni cuprosklodowskite. Linatisha kwa urefu, lakini ukilikata vipande linasomeka. Sklodowskite ni ya njano na ina magnesiamu. Iondoe magnesiamu, weka shaba mahali pake, rangi inageuka kijani. Cupro, yaani shaba kwa Kilatini, inakuambia badiliko hilo tangu mwanzo wa neno. Mwalimu wa kemia akiwa na neno hili ubaoni, somo la kipindi kizima limepatikana.

Sengierite ina historia nzito zaidi. Ilipatikana Luiswishi, jirani na Lubumbashi, ikatangazwa mwaka 1949 kwa jina la Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Union Minière. Ndiye aliyesafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York mwaka 1940, na urani ya mgodi ule ikaingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mkurugenzi amepata jiwe, maprofesa wamepata, wahandisi wamepata. Wakongo waliochimba na kubeba mawe hayo hawamo, na jambo hilo linaniuma.

Miji angalau imo: likasite, kolwezite, kipushite. Imo pia shabaite, iliyotangazwa mwaka 1989, wakati jimbo likiitwa Shaba, jina lililodumu kuanzia 1971 hadi 1997. Ndani yake mna kalsiamu, neodimiamu na urani. Shaba yenyewe hamna.

Tangu 1959 tume ya kimataifa ya mineralojia ndiyo inayopitisha majina. Mgunduzi hawezi kujipa jina lake mwenyewe, na lazima aeleze kemia na umbo la fuwele, kisha aweke sampuli katika makumbusho. Tanzanite haikupitia mlango huo: ni jina la biashara la zoisite ya buluu ya Merelani, lililotolewa na Tiffany mwaka 1968. Nyerereite ya Oldoinyo Lengai ni jina rasmi, na linamtaja Mwalimu Nyerere. Natamani wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wapeleke majina yao kwenye tume hiyo, pamoja na ya wachimbaji.

Kuna -ite nyingine tena, ya wanakemia. Mwaka 1787 Lavoisier na wenzake huko Paris walikubaliana kwamba chumvi yenye oksijeni nyingi iishie kwa -ate na yenye pungufu iishie kwa -ite: sulfate, sulfite. Viwanda vya Katanga vinaishi kwa kanuni hiyo. Kobalti ya hétérogénite, madini yake makuu huku, haiyeyuki vizuri katika asidi kwa sababu imepoteza elektroni tatu. Kiwandani huongezwa métabisulfite ya sodiamu, inayoirudishia elektroni moja, na kobalti inayeyuka, ikitoa maji ya rangi ya waridi. Katika kazi hiyo sulfite hupata oksijeni iliyopungukiwa nayo, ikawa sulfate.