Moja, Tatu, Tano, Sita

Hapo zamani Waewe waliishi ndani ya mji wenye ukuta mnene, mji wa Notsie, ambao leo uko nchini Togo. Mfalme wao, Agokoli, alikuwa na roho ya korosho. Siku moja aliwaamuru wazee wamsokotee kamba ya udongo. Kamba ya udongo, wanangu! Wazee wakakuna vichwa, kisha wakamjibu kwa adabu zote: tuonyeshe kamba ya udongo ya zamani, nasi tutasokota mpya kwa mfano wake. Mfalme akakosa la kusema, lakini mateso hayakuisha.

Ndipo mzee mmoja, Tegli, akawapa akina mama shauri. Maji yote ya kufulia na kuoshea vyombo yawe yanamwagwa mahali pamoja ukutani, kila siku, mpaka udongo ulainike. Usiku wa kuondoka ulipofika, watu wakapiga ngoma na kuimba kwa nguvu ili mfalme adhani kuna sherehe tu. Ukuta ukatobolewa. Watu wakapenya, wakatembea kinyumenyume, ili atakayeziona nyayo asubuhi aone zinaingia mjini.

Ndivyo wanavyosimulia Waewe wa Anlo, wanaokaa pwani ya kusini-mashariki mwa Ghana, huko Keta na Anloga. Kila mwaka Novemba inapoanza hukusanyika Anloga kwa sikukuu ya Hogbetsotso kuikumbuka safari hiyo, na ngoma siku hiyo hazipoi. Mimi kila nikiisimulia hadithi hii huwafikiria wapigaji wa usiku ule. Nyuma yako ukuta unabomoka, moyo unakwenda mbio, na mikono hairuhusiwi kwenda mbio. Ikienda mbio tu, mfalme atashtuka.

Leo tujifunze ngoma moja ya watu hao, Agbadza. Ilizaliwa kutokana na ngoma ya vita iitwayo Atrikpui, ila siku hizi huchezwa harusini, msibani, sikukuuni, na hata pale watu wanapojisikia tu kucheza. Wachezaji huinama kidogo, hutikisa mabega na kuchezesha viwiko kama kuku anayekung'uta mbawa.

Kundi lina vyombo vitano. Cha kwanza ni gankogui, kengele mbili za chuma zilizoshikamana, kubwa na ndogo. Hazina ulimi ndani, hugongwa kwa kijiti. Kando yake kuna axatse, kibuyu kilichovikwa wavu wa shanga au mbegu, ndugu wa manyanga tunayoyajua. Mpigaji hukaa, akakipiga kibuyu chini pajani, kisha juu kwenye kiganja, chini tena, juu tena. Halafu zinafuata ngoma tatu. Kagan ni nyembamba, yenye sauti ya juu. Mpigaji wa kwetu mwambao akiisikia atakumbuka chapuo. Kidi ni nene kidogo, na sogo ni kubwa kuliko hizo mbili. Kwa kawaida huundwa kwa vibao virefu vinavyobanwa na pete za chuma, na ngozi ya swala hushikiliwa na vigingi vya mbao pembeni. Ngozi ikilegea, fundi huvigonga vigingi kimoja kimoja kuingia ndani, huku ametega sikio, mpaka sauti ipande. Ipo pia atsimevu, ngoma ndefu inayoegemezwa kwenye kiegemeo na mpigaji wake husimama, lakini hiyo ina ngoma zake nyingine. Katika Agbadza mkubwa ni sogo.

Najua mnachotaka. Kila mtoto anayeingia kwenye kundi huitupia macho ngoma kubwa. Tutafika. Kwanza kengele.

Chukueni penseli, mgonge meza. Hesabuni moja mpaka kumi na mbili kwa mwendo ulio sawa, na mkifika kumi na mbili mrudi moja papo hapo, bila kuvuta pumzi. Penseli igonge namba hizi tu:

1, 3, 5, 6, 8, 10, 12

Mapigo saba ndani ya nafasi kumi na mbili. Polepole kwanza. Mtaona kwamba mengi yameachana kwa nafasi moja katikati, ila kuna mahali pawili ambapo mapigo yamebanana: tano na sita, halafu kumi na mbili na moja. Mahali pa kwanza watu hupavuka salama. Pa pili ndipo wengi huteleza, kwa sababu mkono ukifika kumi na mbili hudhani kazi imekwisha, unataka kupumzika, kumbe moja ipo mlangoni. Mpigaji wa gankogui hujisaidia hivi: pigo la moja hulipiga kwenye kengele kubwa yenye sauti nzito, na mengine sita kwenye kengele ndogo. Mkilisikia lile zito, mmefika nyumbani.

Kama shuleni kwenu kuna kinanda, kabonyezeni vibonye vyeupe kuanzia do hadi do ya juu, mkihesabu na vile vyeusi. Hatua zake ni mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Sasa hesabuni hatua za kengele yetu. Ni zilezile! Watu wa hisabati wameandika mengi kuhusu jambo hilo, sisi tuendelee.

Sasa ongezeni mguu. Mguu ukanyage kwenye 1, 4, 7 na 10, yaani mara nne kwa mzunguko, huku penseli ikiendelea na namba zake. Hapa ndipo jasho huanza kutoka. Mguu na kengele hukutana mara mbili tu, kwenye moja na kwenye kumi. Ukikanyaga nne, kengele imenyamaza. Ukikanyaga saba, imenyamaza tena. Mkono utakushawishi uusindikize mguu, au mguu utauonea huruma mkono na kuusubiri. Usikubali. Wacheza Agbadza hukanyaga hivyo hivyo, na wanaopiga makofi hujua wapo wapi kwa kusikia jinsi mguu na kengele vinavyopishana.

Kupishana huku kuliwasumbua hata wasomi. Alikuwapo mmishenari Mwingereza, A. M. Jones, aliyeishi miaka mingi katika nchi ambayo leo ni Zambia. Masikio peke yake hayakumtosha kujua pigo gani limetangulia lipi, akaunda mtambo: mpigaji anagonga kibati kwa kijiti cha chuma, umeme unapita, na kila pigo linaacha alama kwenye karatasi inayosogea. Baadaye huko London alikaa na Mwewe mmoja, Desmond Tay, wakazipima ngoma za Waewe pigo kwa pigo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1959. Tay hakuuhitaji mtambo. Alizijua ngoma zile tangu kwao.

Turudi mezani. Mwenzako abaki na penseli, wewe shika kagan. Kazi yake ni rahisi kuieleza: nyamaza, piga, piga, nyamaza, piga, piga. Kwa namba ni 2 na 3, 5 na 6, 8 na 9, 11 na 12. Angalieni vizuri namba hizo. Hakuna hata moja ambayo mguu unakanyaga! Kagan huishi kwenye mapengo ya mguu. Ndiyo maana mgeni akiisikia peke yake hudhani pigo la kwanza kati ya yale mawili ndilo mwanzo, na ngoma nzima inamgeukia kichwa chini. Mkitaka maoni yangu, hii ndiyo ngoma ngumu kuliko zote, ingawa sehemu yake mtaishika kabla chai haijapoa. Kuirudia vilevile muda wote watu wanaocheza, usiharakishe, usichoke, usitie madoido, hilo si jambo la kila mtu.

Kidi ina maneno zaidi. Fimbo ikigonga na kuruka, ngoma inalia wazi. Ikigonga na kubaki imekandamiza ngozi, sauti inabanwa. Mpigaji huchanganya mapigo ya wazi na ya kubana, na kwa kuchanganya huko humjibu sogo. Sogo ndiye anayeanzisha mazungumzo. Hubadilisha kauli, huwachokoza wachezaji, huwaonya wenzake kwamba mwisho unakaribia. Anaweza kufanya yote hayo kwa sababu kengele, kibuyu na kagan hawatetereki. Mpigaji wa sogo asiyeweza kupiga kagan mpaka mwisho wa wimbo, mimi simwamini.

Namba hizi nimewapa kwa kuwa nawaandikia na hamnisikii. Waewe hawana desturi ya kumhesabia mwanafunzi moja hadi kumi na mbili. Kila pigo lina silabi yake, na mwalimu husema sehemu nzima kwa mdomo; mwanafunzi huisema naye, kisha mikono hufuata. Lugha yao yenyewe hupanda na kushuka sauti kiasi kwamba neno likipandishwa vibaya hugeuka neno jingine, kwa hiyo masikio yao huzoea mapema kutofautisha sauti ya juu na ya chini. Aliyekulia Anloga pia amekwisha kuisikia gankogui mara nyingi mno kabla hajakabidhiwa fimbo. Ninyi mtalazimika kujitengenezea mazoea hayo.

Wengine wamefanya hivyo. Mwaka 1962 Profesa J. H. Kwabena Nketia, yeye mwenyewe si Mwewe bali Mwakan, pamoja na Mawere Opoku walianzisha kundi la taifa la ngoma la Ghana, na tangu hapo vijana wa makabila mengine wamekuwa wakijifunza ngoma za Waewe, na Waewe wakijifunza za wenzao. Zamani ngoma zilikaa zaidi mikononi mwa wanaume, wanawake wakishika axatse, nyimbo na uchezaji. Siku hizi hata wasichana hupiga sogo.

Basi kaeni watatu. Mmoja penseli, mmoja mguu, mmoja kagan kwa viganja kwenye ukingo wa meza. Kengele ianze peke yake izunguke mara kadhaa, mguu uingie, kagan aje mwisho. Akipotea mmoja, asimkimbilie mwenzake kumwigiza. Anyamaze, asikilize pigo zito la moja, aingie mzunguko unaofuata, wengine wasimsubiri. Akitokea wa nne mpeni axatse. Mkikosa kibuyu, chupa ya plastiki yenye mchele kidogo inatosha, mradi mama asiwe anautafuta huo mchele.